Kutabiri Hewa ya Milisekunde Mbili Zijazo

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie utabiri wa msukosuko wa angahewa na faida yake kwa darubini. Nitaanza na hesabu, kwa sababu bila hesabu hii mengine yote yataonekana kama anasa ya wataalamu. Darubini yenye kioo cha mita 8, kama zile nne zilizoko Paranal nchini Chile, ingeweza kwa kanuni za mwanga kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa takriban sekunde 0.013 za tao. Digrii moja ina sekunde za tao 3600, kwa hiyo tunazungumzia kitu kidogo mno. Lakini ukiielekeza darubini hiyo kwenye nyota, juu ya mlima, katika usiku mzuri, utaona doa lenye upana wa karibu sekunde 0.7. Maana yake kioo cha mita 8 kinaona kwa ukali ule ule wa kioo cha sentimita 15 ambacho mtu anaweza kukibeba kwapani. Kinakusanya mwanga mwingi zaidi, hilo sikatai, ila ukali wa picha umepotea njiani.

Umepotea hewani. Joto la hewa likibadilika kwa digrii moja, uwezo wa hewa hiyo kupinda mwanga hubadilika kwa takriban sehemu moja katika milioni. Utasema hiyo si kitu. Haya, chukua mita 10 za hewa iliyozidi joto la hewa jirani yake kwa sehemu moja tu ya kumi ya digrii. Mwanga uliopita huku na mwanga uliopita kule itaachana kwa maikromita moja, na hiyo ni sawa na mawimbi mawili kamili ya mwanga wa kijani. Juu ya darubini kuna kilomita nyingi za hewa ya namna hiyo, moto na baridi zikichanganyika bila kupumzika. Ndiyo maana nyota zinametameta.

Isaac Newton aliliona tatizo hili na akaliandika mwaka 1704. Kwa maoni yake dawa ilikuwa moja tu, kutafuta hewa tulivu juu ya vilele vya milima mirefu. Kwa karne mbili na nusu hatukuwa na dawa nyingine, na hadi leo bado tunapanda milima. Kisha mwaka 1953 mwanaastronomia wa Marekani, Horace Babcock, akapendekeza jambo la kijasiri: pima jinsi hewa ilivyouharibu mwanga, halafu kipinde kioo kinyume cha uharibifu huo kabla hewa haijabadilika. Alifikiria kutandaza utando wa mafuta juu ya kioo na kuubonyeza kwa chaji za umeme. Kompyuta ya kuiendesha kazi hiyo haikuwepo. Jeshi la Marekani lilitangulia kwa siri, kwa sababu zake lenyewe. Upande wa wanaastronomia, mfumo wa kwanza wa aina hiyo, COME-ON, ulijaribiwa kwenye nyota halisi mwezi Oktoba 1989 huko Haute-Provence, Ufaransa. Teknolojia hii tutaiita optiki badilifu.

Inafanyaje kazi? Sehemu ya mwanga wa nyota hupelekwa kwenye kihisi chenye lenzi ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu. Kila lenzi inatengeneza kinukta chake. Kinukta kikisogea, tunajua uso wa wimbi la mwanga umeinamia upande gani mahali hapo. Kompyuta inaviunganisha vinukta vyote, inapata umbo la uharibifu, kisha inaviamuru visukumio vilivyo nyuma ya kioo chembamba vikipinde kioo hicho. SPHERE, chombo cha kutafuta sayari kilichoko Paranal tangu 2014, kina kioo chenye visukumio 1377, na kinarudia mzunguko huo zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde.

Hapo ndipo watu hupiga makofi na mhadhara huisha. Mimi nataka tuendelee, kwa sababu kuna jambo linalosahaulika. Kamera inahitaji muda wa kukusanya mwanga. Picha inahitaji muda wa kusomwa. Kompyuta inahitaji muda wa kukokotoa, na kioo kinahitaji muda wa kusogea. Ukijumlisha yote unapata takriban milisekunde mbili, yaani sehemu mbili za elfu za sekunde. Kwa hiyo kioo hakijawahi, hata mara moja, kuisahihisha hewa iliyopo. Kinasahihisha hewa ya milisekunde mbili zilizopita.

Je, milisekunde mbili ni nyingi? Inategemea upepo. Katika kimo cha kilomita 12 hivi kuna mkondo wa upepo wa kasi ambao kwa usiku mwingi unavuma kwa mita 40 kwa sekunde, na wakati mwingine zaidi. Katika milisekunde mbili hewa hiyo imesogea sentimita 8. Zile sentimita 15 nilizozitaja awali ndizo upana ambao hewa ya usiku mzuri inabaki na sura moja. Umekosea kwa nusu ya upana huo, na makosa hayo yanajirudia mara elfu kwa sekunde, daima kwa kufuata mwelekeo ule ule wa upepo. Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Katika picha za SPHERE na za mwenzake GPI aliyekuwa kwenye darubini ya Gemini Kusini, mwanga wa nyota humwagika pande mbili za nyota, kwa kufuata mstari wa upepo wa juu. Wachunguzi waliulinganisha mstari huo na data za hali ya hewa, nazo zikaafikiana. Picha ya nyota imegeuka kuwa kipimo cha mwelekeo wa upepo, jambo ambalo hakuna aliyeliomba.

Kwa anayetaka picha nzuri ya galaksi, mmwagiko huo ni kero ndogo. Kwa anayetafuta sayari ni balaa. Sayari kama Mshtarii ikitazamwa kwa mbali inaakisi takriban sehemu moja ya bilioni ya mwanga wa jua lake. Sayari tulizoweza kuzipiga picha mpaka sasa, kama 51 Eridani b iliyotangazwa 2015 au PDS 70 b ya 2018, ni changa na bado zina moto wa kuzaliwa kwao, ndiyo maana zinaonekana katika mwanga wa infraredi. Tena ziko mbali na nyota zao. Makosa ya kuchelewa hukusanyika karibu na nyota, hapo hapo ambapo tungetazamia kukuta sayari zenye joto la wastani.

Sasa, mtu mwenye akili timamu atauliza kwa nini tusiongeze kasi. Tununue kamera inayokimbia mara mbili zaidi. Tatizo ni kwamba nyota haituongezei mwanga kwa sababu sisi tuna haraka. Ukikimbiza kamera mara mbili, kila picha inapata nusu ya fotoni, yaani chembe za mwanga, na vinukta vya kihisi vinaanza kutetereka kwa uchache wa mwanga wala si kwa sababu ya hewa. Unaponya ugonjwa mmoja huku ukikaribisha mwingine. Leza husaidia katika kazi nyingine: tangu 2016 darubini moja ya Paranal inarusha leza nne zinazowasha atomi za sodiamu kwenye kimo cha kilomita 90 na kutengeneza nyota bandia za kupimia hewa. Ila katika kutafuta sayari tunaitegemea nyota yenyewe, na kila nyota ina kiasi chake cha mwanga.

Njia iliyobaki ni kutabiri. Neno hilo linawaogofya watu kwa sababu wanafikiria machafuko. Tangu kazi ya mwanahisabati Mrusi Andrei Kolmogorov ya mwaka 1941 tunajua jinsi nishati ya msukosuko inavyoshuka kutoka mizunguko mikubwa kwenda midogo, na tunaweza kueleza wastani wake vizuri sana, lakini hakuna awezaye kusema kizunguko fulani kitazuka wapi. Kama kutabiri kungekuwa na maana hiyo, ningefunga mkoba wangu sasa hivi.

Kwa bahati nzuri kazi yetu ni nyepesi zaidi. Mwaka 1938 mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alitoa dhana kwamba kwa muda mfupi unaweza kuuchukulia msukosuko kama umeganda: sura yake haibadiliki, inasukumwa tu na upepo. Fikiria kivuli cha wingu kikipita juu ya shamba. Huhitaji kujua wingu limeumbikaje ili useme kivuli kitakuwa wapi baada ya muda mchache. Unahitaji kujua kilipo na kinaelekea wapi. Rudini sasa kwenye kioo cha mita 8. Sura ya hewa inayosafiri kwa mita 40 kwa sekunde inachukua sehemu moja ya tano ya sekunde kukivuka kioo kizima. Hewa itakayokuwa juu ya kioo baada ya milisekunde mbili, karibu yote iko juu ya kioo tayari, imeshapimwa, imo ndani ya kompyuta. Tusichokijua ni ukanda wa sentimita 8 tu, upande upepo unakotokea.

Hili ndilo lililonileta hapa. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiitupa habari tuliyokwisha kuilipia. Mfumo wa kawaida wa optiki badilifu huchukua kipimo cha mwisho, husahihisha, na husahau. Haukumbuki kwamba sura hii hii ilikuwa pale kushoto muda mfupi uliopita. Ukiufundisha kukumbuka, unapata ukali zaidi bila kuongeza hata sentimita moja ya kioo. Nami nathubutu kusema kwamba katika fani hii hakuna maboresho yenye gharama ndogo kuliko haya.

Bila shaka hewa haina upepo mmoja. Chini karibu na ardhi kuna tabaka linalokwenda polepole upande huu, juu kuna mkondo wa kasi unaokwenda upande ule, na katikati huenda kuna mengine. Kihisi kinaona jumla yao. Lakini ukiigawa jumla hiyo katika mawimbi ya ukubwa mbalimbali, kila tabaka linaacha alama yake, kwa sababu kila moja lina kasi yake na mwelekeo wake. Lisa Poyneer na wenzake walizichambua kumbukumbu za mifumo ya optiki badilifu ya darubini za Gemini na Keck, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba matabaka yaliyoganda yamo kweli, mara nyingi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Dhana ya Taylor ikaacha kuwa ya vitabuni. Hewa nayo huchemka, sura hubadilika, lakini kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko zile milisekunde mbili.

Kuhusu mbinu sitakaa sana. Kuna kichujio cha Kalman, kanuni ya hesabu inayokadiria hali ijayo na kujisahihisha kwa kila kipimo kipya, kilichobuniwa mwaka 1960 na ambacho kimekuwa kikiongoza vyombo vya angani tangu enzi za Apollo. Kwenye optiki badilifu kilijaribiwa kwa nyota halisi na mfumo wa CANARY wa darubini ya William Herschel huko La Palma. Kuna njia iliyoelezwa na Olivier Guyon na Jared Males mwaka 2017, ambayo haijali fizikia ya upepo hata kidogo: inachukua vipimo vya dakika chache zilizopita, inatafuta jinsi kipimo kijacho kinavyotokana na vilivyotangulia, na kujirekebisha usiku unavyosonga. Mbinu za kujifunza kwa data zimefikishwa kwenye darubini za Subaru na Keck kule Hawaii. Zinafanya kazi. Zimeongeza uwezo wa kuona kitu hafifu kando ya nyota, ingawa bado hazijafikia kile ambacho hesabu za karatasi ziliahidi.

Sababu mojawapo ya tofauti hiyo inanifurahisha, japo ni aibu kidogo kwa fani. Mtabiri akishawekwa kazini, mara nyingi jambo la kwanza analolikamata si hewa. Ni mtetemo wa darubini yenyewe: feni, pampu za kupoza vyombo, mota. Mitetemo hiyo ina mdundo maalumu, na kitu chenye mdundo ni chepesi kutabirika. Kwa hiyo unapomsikia mtu akitamba kwamba programu yake imeishinda angahewa, muulize kwa upole ni kiasi gani cha ushindi huo kimetokana na feni.

Naomba pia niwape kisa cha usiku ambao upepo haukuwepo, maana kimewafundisha watu unyenyekevu. SPHERE ilipoanza kazi, kila mtu alitarajia usiku mtulivu kabisa uwe bora kuliko wote. Ikawa kinyume. Upepo uliposhuka mno, picha ziliharibika kwa namna ya ajabu, nyota ikaota vinundu pembeni. Ilibidi watafute kwa muda. Kioo cha pili cha darubini hushikiliwa na mikono myembamba ya chuma inayokatiza njia ya mwanga. Usiku, mikono hiyo hupoteza joto kuelekea anga baridi na kuwa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Upepo ukiwepo, hewa iliyopozwa inaondolewa. Upepo usipokuwepo, hewa hiyo hutambaa kando ya chuma na kuukata uso wa wimbi vipande vipande, kipande kimoja kikiwa juu ya kingine. Kihisi kinachopima mwinamo hakioni ngazi ya namna hiyo vizuri. Mwaka 2017 mikono ilifunikwa kwa mipako inayopunguza upotevu wa joto, na hali ikawa nafuu sana. Hakuna kichujio cha Kalman kilichohusika hapo, wala mtandao wa nyuroni, ile programu inayojifunza kwa mifano. Ilikuwa mipako.

Nimezungumza kuhusu milisekunde. Kuna utabiri mwingine, wa saa na usiku mzima, na huu unafanana zaidi na utabiri wa hali ya hewa mnaoufahamu. Darubini kubwa za leo hazigawi usiku kwa zamu tu. Kuna foleni ya kazi, na asubuhi mpaka jioni watu wanajiuliza ni ipi ifanyike leo. Kutafuta sayari kunadai hewa inayobadilika taratibu. Kupima rangi za nyota angavu kunaweza kuvumilia hewa mbovu. Huko Paranal siku hizi, anayeomba muda wa SPHERE hatakiwi kutaja upana wa doa la nyota peke yake, bali pia muda ambao hewa inadumu na sura yake. Ukikosea kuchagua, usiku wa nadra unaliwa na kazi ambayo ingefaa usiku wowote.

Ugumu wake uko hapa: modeli za hali ya hewa hugawa anga katika visanduku vyenye upana wa mamia ya mita au kilomita nzima. Kisanduku kama hicho hakina habari na kizunguko cha sentimita 15. Kinachofanyika ni kukadiria. Pale ambapo upepo wa tabaka moja unasuguana na wa tabaka jingine, na joto linabadilika ghafla kwa kimo, hapo msukosuko unatarajiwa, na nguvu yake inakokotolewa kwa kanuni zilizopimwa dhidi ya vipimo halisi. Elena Masciadri na kundi lake nchini Italia wameifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Utabiri wao unatumika kila usiku katika darubini ya LBT kwenye Mount Graham, Arizona. Pale Mauna Kea, wataalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Hawaii nao hutoa utabiri wa msukosuko kwa darubini za kileleni. Utabiri wa joto una kazi yake pia: ukijua jioni itakuwa na baridi kiasi gani, unapoza jengo la darubini mchana ili kioo kisiwe na joto kuliko hewa na kujizalishia msukosuko wake chenyewe.

Pale mlangoni mmoja wenu aliniuliza kwa nini tusipeleke darubini zote angani tukaachana na hewa. Swali zuri. Kioo cha Hubble kina mita 2.4, cha James Webb mita 6.5. Darubini ya ELT inayojengwa juu ya Cerro Armazones, Chile, itakuwa na kioo cha mita 39. Kitu kama hicho hakuna roketi ya kukibeba, kwa hiyo lazima tuelewane na hewa. ELT ina kioo kinachobadilika umbo chenye visukumio zaidi ya 5000, na hapa kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha: kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo utabiri unavyokuwa rahisi. Sura ya hewa itachukua karibu sekunde nzima kukivuka kioo hicho, na ule ukanda wa sentimita 8 usiojulikana unakuwa sehemu ndogo mno ya uso wote. Sayari inayozunguka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote na Jua letu, iliyogunduliwa 2016, iko umbali wa sekunde 0.037 za tao kutoka kwenye nyota yake. ELT ina ukali wa kutosha kuzitenganisha. Kama itaiona au la itategemea kwa kiasi kikubwa ni mwanga kiasi gani wa nyota utakaomwagika hapo kwa sababu ya kuchelewa.

Gharama ya urahisi huo ni hesabu. Visukumio elfu tano, vihisi vingi zaidi ya hapo, na kumbukumbu ya vipimo vilivyopita juu yake, vyote vimalizwe ndani ya milisekunde moja, kila mara, usiku kucha. Wengi wanaharakia mitandao ya nyuroni. Mimi siipingi, ila nina sharti. Upepo hugeuka. Tabaka jipya huingia saa nane za usiku. Mtabiri aliyezoea hewa ya jioni anaweza kukisukuma kioo kuelekea upande usiofaa kwa kujiamini kabisa, na kioo kikakosea zaidi kuliko kama kingeachwa kichelewe. Nampendelea mtabiri wa kawaida anayejua lini anyamaze kuliko hodari asiyejua kwamba mambo yamebadilika.

Kwa vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii: vipimo vya upana wa doa la nyota vya Paranal, vya miaka na miaka, viko wazi kwenye hifadhi ya data ya ESO, shirika la Ulaya linaloendesha darubini za Paranal, na kompyuta ya mkononi inatosha kuanzia. Andika programu inayotabiri saa moja mbele. Kisha ishindanishe na mtabiri mvivu kuliko wote, yule anayesema saa ijayo itakuwa kama sasa. Msimdharau, amewaaibisha wengi. Ukimshinda kwa mwaka mzima wa data, bila kuchagua usiku unaokupendeza, nitafute tuzungumze.

Sasa niko tayari kwa maswali.